Wati Mia na Watu Wawili

Mliponijia nyumbani baada ya mimi kufunga karakana, ninyi vijana mnaounganisha vikuza sauti na chaja kule mtaa wa Manika, hapa Kolwezi, mlitaka jambo moja tu. Mlitaka niwaeleze kwa nini sanduku letu la wati mia halikuuzwa kwa sehemu ya tano ya bei ya sanduku la wati mia tano. Mlikaa na kalamu mkononi mkidhani nitawapa hesabu. Niliwaambia nitaandika, kwa sababu jibu lina hesabu kidogo na maneno mengi, na siku hizi mimi nina maneno mengi kuliko watu wa kuyasikiliza.

Kazi yangu ilikuwa bobini. Ndani ya kila sanduku tulilotengeneza, liwe la kukuza sauti, la kuchaji betri, au konvertisa inayogeuza umeme wa betri uwe umeme wa nyumbani, kulikuwa na chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Aliyezungusha waya ule ni mimi. Mambo ya nani alipandishwa cheo siwezi kuwasimulia. Tulikuwa watu watatu, na cheo kilikuwa kimoja, cha Tata Mbuyi mwenye karakana, naye hakuwa na pa kupanda.

Tata Mbuyi alikuwa mtu wa Kasai kama baba yangu. Wazee wao waliletwa huku kwa kazi ya mgodi, na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mota za mgodi hadi walipomwambia abaki nyumbani. Miaka yote ile, jioni zake zilikuwa za redio. Alitengeneza redio na vikuza sauti kwa kujifurahisha, kisha kwa marafiki waliokuwa na ugonjwa ule ule. Mgodi ulipomwacha aligundua kwamba furaha ndiyo iliyobaki mkononi, akaigeuza kazi. Alipanga vyumba viwili nyuma ya kanisa moja pale Manika. Wateja wake wa kwanza walikuwa wapenda redio, vijana waliotaka kujiundia wenyewe: aliwatilia vipande vyote katika mfuko wa karatasi pamoja na mchoro, akawaonya wasiguse waya mwekundu. Baadaye zikaja kwaya, vinyozi, wenye baa, na wachimbaji.

Mimi nilikuja kuomba kazi yoyote, hata ya kufagia. Tata Mbuyi alitazama vidole vyangu, akauliza kama najua kufuma. Nilisema najua kidogo. Akanikalisha mbele ya mashine yake ya kuzungushia waya, aliyoiunda kwa kitovu cha gurudumu la baiskeli na mkono wa kinu cha kusagia nyama. "Unahesabu kila muzunguko," akaniambia. "Ukipoteza hesabu, unafungua yote, unaanza tena." Nilikuwa nimefika mbali kabisa, waya umelala vizuri, wakati mama mmoja wa kanisani alipochungulia mlangoni akanisalimia. Mimi ni mtoto niliyelelewa. Nikaitikia, nikauliza habari za nyumbani, nikauliza habari za watoto. Aliposhukuru na kuondoka sikujua tena niko mzunguko wa ngapi. Tata Mbuyi hakugomba. Alinitazama nikifungua waya wote, akaenda kunywa chai.

Hilo lilikuwa tatizo la kweli, msicheke. Kwetu mtu akikusalimia ukanyamaza, jioni mtaa mzima unajua kwamba una majivuno. Nilianza kupata jina baya pale kanisani. Aliyeniokoa ni Mujinga. Mujinga alikuja muda mfupi baada yangu, binti mdogo kwangu kwa umri, mwenye mdomo mwepesi na mkono mtulivu. Yeye alilehemu vipande, akafunga masanduku, kisha akaandika namba ya wati kwa brashi na rangi nyeupe, maana alikuwa na mwandiko mzuri. Meza yake ilitazamana na yangu. Mtu akiingia nami nahesabu, Mujinga alisema, "Kapinga anakusalimia, mama. Anasema batoto benu namna gani?" Wakamjibu yeye, wakafurahi, nami nikaendelea kuhesabu. Kwa njia hiyo nilisalimiana na nusu ya Manika bila kufungua kinywa.

Sasa nije kwenye bei, msije mkasema bibi amepotea njia.

Tata Mbuyi alipanga bei kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni chuma. Nguvu ya sanduku inatokana na unene wa chuma kilicho katikati ya bobini, lakini ukitaka nguvu mara mbili si lazima utie chuma mara mbili. Kinaongezeka, ila si kwa kiasi hicho. Cha pili ni shaba: nguvu ikipanda, waya unakuwa mnene zaidi na mizunguko inakuwa michache. Kwa hiyo hata mkiishia hapo mnaona kwamba sanduku kubwa lina unafuu kwa kila wati. Kasha, swichi, nyaya za nje na vis za kukazia ni karibu vile vile kwa dogo na kwa kubwa.

Kitu cha tatu ndicho kilichowashinda wateja. Sisi tulikiita kulinda. Sanduku likikamilika liliwekwa mezani asubuhi, likaunganishwa na ubao wa ampuli, yaani balbu za taa, zenye jumla ya wati zile tulizotaka kuandika, na likaachwa libebe mzigo ule mpaka jioni. Watu wawili walikaa nalo kutwa, hawaendi popote. Mmoja aliangalia ampuli kama mwanga unashuka. Mwingine aligusa chuma kila mara, akasema kwa sauti: baridi, vuguvugu, moto. Na aliyezungusha bobini hakuruhusiwa kuwa mgusaji. Tata Mbuyi alisema mkono wa aliyetengeneza unalipenda sanduku, utasema vuguvugu hata likiwaka. Basi siku za kulinda mimi niliangalia ampuli, na Mujinga aligusa. Kama jioni Mujinga alisema vuguvugu, aliandika namba. Kama alisema moto, tulipunguza ampuli na kesho yake tukaanza tena na namba ndogo.

Siku ile ya watu wawili iliingia katika bei. Na siku ni siku. Sanduku la mia halilindwi kwa sehemu ya tano ya siku. Hilo ndilo jibu mlilolifuata, na lingetosha kama ningekuwa mtu wa maneno machache.

Wateja wetu hawakulipokea kwa urahisi. Kolwezi watu wamezoea kununua na kuuza kwa mizani. Jiwe linapimwa kilo, kisha linapimwa teneur, yaani kiasi cha madini kilichomo ndani, na bei inafuata mstari ulionyooka. Mchimbaji akiingia kwetu jambo la kwanza alinyanyua sanduku. Nakumbuka mmoja aliyelipima mkononi, akalitikisa karibu na sikio, akaniuliza, "Mama, hii iko na teneur ngapi?" Nikamwambia inabeba mia mbili. Akausifu uzito lakini akalalamikia bei: "Uzito iko muzuri. Mais beyi iko ya jiwe ya ndani sana." Alilinunua hata hivyo, baada ya kulinyanyua tena mbele ya rafiki yake ili naye ashuhudie.

Kulikuwa na Ilunga, kijana wa Kasulo, aliyechimba chini ya sebule ya shangazi yake. Huko wengi walichimba chini ya nyumba zao wenyewe, hilo mnalijua. Alikuwa na konvertisa yetu ya mia kwa taa za shimoni. Siku moja akarudi, akataka nyingine ya mia. Mujinga akamuuliza kama ya kwanza imeharibika, akasema haijaharibika, iko salama. Hatukuuliza zaidi. Kesho yake alirudi na zote mbili zikinuka kuungua. Alikuwa ametaka kuendesha feni ya kupuliza hewa shimoni, iliyohitaji mia mbili, akaziunganisha vichwa pamoja. "Bagunia mbili ya majiwe, si unaunga tu?" akatuuliza, na kweli alishangaa. Tata Mbuyi alimweleza kwamba umeme wa masanduku mawili yasiyokwenda pamoja unapigana kama fahali wawili zizini. Jambo la bahati ni kwamba alijaribu juu, uani, kabla ya kushuka. Tulimtengenezea moja ya mia tatu, kwa sababu feni inapoanza kuzunguka hudai nguvu nyingi kuliko inapokwisha kushika mwendo, na tangu hapo kila anayenunua sanduku la pili tulimuuliza analipeleka wapi.

Hapo ndipo penye maneno ya Tata Mbuyi ambayo mtayasikia yakisemwa na kila fundi, hata wale wasioyafuata. Kila sanduku lina nguvu mbili: ile linayoruka na ile linayobeba. La mia tano linaweza kuruka hadi elfu kwa kupepesa jicho, kisha likarudi au likafa. "Andika kile inabeba," alisema. "Kuruka, hata kuku anaruka."

Miaka yetu mizuri ilikuwa ile. Sikujua wakati ule kwamba ni mizuri, niliona ni ya kawaida. Siku za kulinda zilikuwa ndefu, ampuli zinawaka mchana kweupe, kwaya inafanya mazoezi upande wa pili wa ukuta, nasi hatuna la kufanya ila kuongea. Mujinga alinisimulia habari za mume wake kabla hawajaoana. Nami, mume wangu alipofariki, nilimweleza Mujinga mambo ambayo sikumweleza dada yangu. Aligusa chuma, akasema "vuguvugu," kisha akaendelea pale alipokuwa ameachia. Mtu akiuliza nilijifunzia wapi kuwa na rafiki, nitasema ni mbele ya ubao wa ampuli.

Kisha Tata Mbuyi akazeeka, akarudi Kasai kwa watoto wa dada yake, na huko akatutoka. Aliniachia mimi karakana. Na karibu wakati huo huo masanduku ya kutoka nje yakajaa sokoni. Mnayajua, maana wengi wenu mnayafungua kila siku. Ni mepesi, yanang'aa, yameandikwa elfu mbili, elfu tatu. Niliwahi kufungua moja la elfu tatu nikakuta ndani nafasi ya kutosha kufugia vifaranga, na kipande cha chuma kilichogundishwa sakafuni ili mchimbaji akinyanyua aridhike. Mtengenezaji alikuwa amewajua wateja wetu kuliko sisi. Mhenga aliyesema kizuri chajiuza hakuwahi kuuza konvertisa.

Mujinga ndiye aliyeongea na wateja, kwa hiyo ndiye aliyewaona wakigeuka mlangoni. Siku moja aliweka brashi chini, akaniita yaya, dada mkubwa, kama alivyozoea.

"Yaya, batu hawaulize kile inabeba. Banasoma namba tu. Shi tunaandika mia tano, pale ngambo banaandika alfu mbili, na beyi njo ile ile."

"Ya kwao haibebi hata mia tatu," nikamwambia. "Weye mwenyewe uligusa."

"Niligusa. Mais muteja hagusake. Tuandike kile inaruka. Haiko kudanganya, inaruka kweli."

"Na siku ya kulinda, tutalinda nini?"

"Njo ile nasema. Hatutalinda tena. Beyi itashuka, na batu batarudia."

Tulibishana juma zima, kwa adabu, kila mmoja akingoja mwenzake achoke. Yeye alikuwa na watoto wa kusomesha. Mimi wangu walishaondoka, mmoja Lubumbashi, mwingine Afrika ya Kusini, na hilo lilinifanya niwe jasiri kwa gharama ya mtu mwingine. Nilikataa. Mwisho wa juma Mujinga aliosha brashi zake, akaziacha mezani, akasema amepata meza sokoni ya kuuzia masanduku yale ya kutoka nje. Hakuondoka kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeingoja ipoe.

Niliendelea kulinda peke yangu. Niliangalia ampuli, kisha nikaenda kugusa chuma, kisha nikarudi kwenye ampuli. Nilivunja kanuni ya Tata Mbuyi kwa sababu hakukuwa na mkono mwingine, na kidole kimoja hakivunji chawa. Bei ya kulinda niliipunguza nusu, kwa kuwa haikuwa haki kumlipisha mteja siku ya mtu ambaye hayupo. Wateja walisema afadhali, Mama Kapinga sasa amekuwa na bei nzuri. Niliwashukuru. Hawakujua ni nani aliyeondolewa katika bei ile.

Siwezi kuwaficha kwamba upweke wa kazini ni mbaya kuliko wa nyumbani. Nyumbani vitu vimezoea mtu mmoja: sahani moja, kiti kimoja. Kule kila kitu kilipangwa kwa watu wawili. Nilipohesabu mizunguko hakuna aliyekatiza hesabu yangu, na nilitamani wanikatize. Mara kadhaa nilisimamisha mashine katikati bila sababu nikasikiliza kama kuna mtu mlangoni. Vidole navyo vilianza kuwa vigumu nchani, kwa miaka ya vanishi na chuma cha moto. Nilikuwa nikipima maji ya kuoga na kuona ni ya baridi, maji yakifika begani nashtuka kwamba yanaunguza. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Ndipo akaja Mama Kalenga, mkunga kutoka Mutshatsha. Zahanati yake ilikuwa imepewa mashine ya kuvuta hewa safi kwa watoto wanaozaliwa wakishindwa kupumua. Ilikaa pembeni imefunikwa kitambaa, kwa sababu umeme wao ni wa betri na paneli za jua. Walikuwa wamenunua sokoni konvertisa iliyoandikwa elfu tatu, ikafa mara ya kwanza walipowasha. Alitaka sanduku la elfu, libebe mashine, frigo ya chanjo na taa kwa pamoja. "Mama Kapinga," alisema, "mutoto mwenye hapumue hangoje fundi." Nikamwambia atapata.

Sikuwahi kutengeneza kubwa namna ile. Nilinunua roli mpya ya waya mnene, nikazungusha bobini, nikazipaka vanishi, nikafunga sanduku. Nikaliweka mezani nikalitazama. Na nikaogopa. Sanduku la baa likiwaka moto, watu wanakosa muziki. Hili likishindwa kuna mtoto mwenye bomba puani. Nilijua kwamba mkono wangu unalipenda, na nilijua pia kwamba mkono wangu hausikii tena. Nikafunga mlango, nikapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, hadi sokoni.

Mujinga alikuwa amezungukwa na masanduku yake, amenenepa kidogo, anacheka na muuza vitenge wa meza ya jirani. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Sikumwomba arudi, nilimwomba siku moja. Akauliza, "Batoto bachanga?" Nikasema ndiyo. Akamwambia muuza vitenge amwangalizie meza kesho.

Alikuja asubuhi na mapema, akafunga kitambaa kichwani kama zamani. Tuliwasha ampuli zote kumi. Sanduku lilibeba. Saa zikapita, mwanga haukushuka, nami nilianza kufurahi kimya kimya. Tuliongea juu ya watoto wake, mkubwa amefika chuo. Kila mara aligusa chuma na kusema vuguvugu. Mchana ulipogeuka aligusa, akauondoa mkono upesi.

"Yaya, gusa."

Nikagusa. Nikamwambia, "Iko bulongo," yaani iko sawa.

Alinitazama usoni, kisha akauchukua mkono wangu akaugeuza, akatazama ncha za vidole. Alisema, "Haiko bulongo. Inaunguza."

Alizima. Alichukua kisu, akaenda kwenye roli yangu mpya, akakwangua waya uliobaki. Chini ya ngozi nyembamba ya shaba palikuwa peupe.

"Hii haiko shaba," akasema. "Ni aluminiumu, banaipakala shaba."

Aluminiumu hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, kwa hiyo hupata joto haraka. Ncha za waya nilikuwa nimezichoma na kuzipaka lehemu bila kutazama rangi ya ndani. Mawazo ya kuwa hapa Kolwezi, ambapo malori ya shaba yanapita mbele ya mlango mchana kutwa yakienda kwa wengine, mimi nimeuziwa aluminiumu iliyovikwa ngozi ya shaba, yalimpata Mujinga kwanza. Akaanza kucheka. Nami nikacheka, tukacheka mpaka tukafuta machozi, na mimi baadhi ya machozi yale hayakuwa ya kucheka.

Kisha tukafanya kazi. Waya wa shaba halisi wa unene ule haukuwepo mjini, na Mama Kalenga hangeweza kungoja. Tuliacha chuma kipoe, tukaondoa ampuli moja baada ya nyingine, tukangoja, akagusa tena. Jioni alisema vuguvugu kwenye mia sita. Kesho yake alirudi bila kuombwa, tukalinda kutwa na ile mia sita, na jioni ikawa vuguvugu bado. Mujinga alitafuta brashi zake pale alipoziacha. Akaandika 600 kwa rangi nyeupe, pole pole.

Mama Kalenga alipofika alisimama mbele ya namba ile.

"Mi nililomba alfu."

"Inabeba mia sita," Mujinga akamjibu. "Mashini ya mupepo na bataa. Frigo, hapana. Ukitia frigo, mutoto anakosa mupepo."

Mkunga alifikiri. "Ya mia sita ya kweli?"

"Nimeigusa siku mbili."

"Basi nabeba hii." Na akalibeba mwenyewe hadi kwenye lori lililomleta. Miezi mingi baadaye alinitumia salamu kupitia mfanyabiashara wa makaa: sanduku linabeba, na frigo wameitafutia njia nyingine.

Lakini nirudi jioni ile, lori lilipokwisha kuondoka. Mujinga alikuwa anafungua kitambaa kichwani. Nilijua nikinyamaza hapo sitapata nafasi nyingine.

"Baki, Mujinga. Nakulomba. Peke yangu siwezi tena, umeona mikono."

Alikaa kwenye kiti chake cha zamani.

"Yaya, hapa kwako kuko kweli. Mais hakuna batu. Kule sokoni nadanganya kidogo, na kutwa niko na batu. Banacheka, banagombana, mutu akigonjwa tunaenda kumuona. Hapa, mi siwezi."

"Niko mimi," nikamwambia.

"Weye uko na chuma, yaya."

Hakusema kwa ubaya. Aliinuka, akanikumbatia, akaenda zake. Kweli nilichagua namba nikaacha mtu aende. Namba ilikuwa sahihi, na bado ningeichagua. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kuwa na haki na kubaki peke yake siku hiyo hiyo, na kwamba moja halipunguzi lingine.

Baada ya hapo sikutengeneza sanduku jipya. Nilirekebisha ya zamani. Kisha akaja kinyozi mmoja wa Kasulo, mtu mpole, akitaka konvertisa ya mia kwa mashine yake ya kunyolea. Nilimtazama, nikatazama vidole vyangu, nikamwambia aende sokoni kwa Mujinga. "Umuambie unatoka kwa Kapinga," nikasema. "Umuambie unataka ya kubeba."

Alirudi siku chache baadaye kunionyesha, kwa heshima tu, maana mimi ndiye niliyemtuma. Lilikuwa sanduku la kutoka nje, jepesi, limechapwa 500 kiwandani. Namba ile ilikuwa imekatwa kwa mstari. Chini yake, kwa rangi nyeupe na mwandiko ninaoujua, iliandikwa 100.

"Alikupatia siku ile ile?" nikamuuliza.

"Hapana. Aliniambia nirudi kesho, juu ya kuilinda kwanza. Nilipita pale mchana, nikaona ampuli inawaka juu ya meza."

"Alilinda na nani?"

"Na bamama ba pale sokoni. Balikuwa bengi, bameikala pembeni yote, kila mutu anagusa. Banacheka."

Nilimwambia sanduku ni zuri, anyolee watu kwa amani. Alipoondoka nilifika mlangoni nikatazama upande wa sokoni. Soko haliko mbali na karakana, hata kwa miguu. Wangeniita nikaangalie ampuli, ningekwenda.